Ukitaka Kazi ya Kuwahudumia Watu Wenye Ulemavu Kisumu, Anzia Hapa

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mtaa wa Manyatta. Muuza maandazi hajapita. Maji yako jikoni, na Mwalimu, mtu niliyeajiriwa kumhudumia, amelala kwa ubavu, macho wazi, ananisubiri. Mgeni wa kazi hii angekimbilia beseni. Mimi nilifundishwa, na aliyenifundisha ni yeye mwenyewe, kwamba kwanza nisalimie, kisha niulize: "Mwalimu, leo tunaanzia wapi?" Kuna siku husema redio kwanza. Kuna siku husema tuanze na mguu wa kulia, umekakamaa usiku kucha. Siku moja alisema, "Leo tunaanza kwa wewe kuniacha nilale." Nikazima taa.

Mwalimu aliumia uti wa mgongo shingoni katika ajali ya bodaboda. Mikono yake inasogea lakini vidole havishiki, na kuanzia kifuani kwenda chini hana hisia. Nilimhudumia miaka mitatu. Kabla yake nilikuwa mlezi wa bweni katika shule ya watoto wenye ulemavu. Siku hizi vijana waliomaliza kidato cha nne hunijia wakiuliza njia ya kuingia kazi hii, na wengi huanza kwa kuniambia wana huruma sana. Huruma huwa imekwisha kufikia Jumatano. Kazi yenyewe ni ufundi na adabu, na vyote viwili vinafundishika.

Kwanza, chagua mlango wa kuingilia

Kazi hizi ni nyingi, na kila moja ina mlango wake.

Iliyo karibu zaidi ni ya mhudumu wa nyumbani, yule ambaye matangazo humwita keagiva. Unamsaidia mtu mmoja kuoga, kuvaa, kula, kwenda choo, kutoka nje na kurudi. Kuna walezi wa mabweni katika shule maalumu, na wasaidizi wa walimu darasani wanaokaa na mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo. Kuna wakalimani wa lugha ya ishara. Halafu kuna fani za hospitali: fiziotherapia, yaani kurudisha nguvu na mwendo wa viungo, tiba ya kazi, ambayo humrudishia mtu uwezo wa kufanya mambo yake ya kila siku, kama kujifunga kifungo au kupika chai kwa mkono mmoja, na ufundi wa viungo bandia.

Wahudumu wa afya ya jamii, wale waliokabidhiwa mikoba yao ya vifaa Septemba 2023 na ambao posho yao ni Sh5,000 kwa mwezi, nao huingia nyumba hizi. Lakini wana kaya nyingi za kuzungukia. Hawawezi kubaki kumwogesha mtu.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya, kama watu 900,000. Mimi nimeingia nyumba ambazo mtoto alifungiwa chumba cha nyuma wageni walipobisha, kwa hiyo hesabu hiyo naipokea kwa tahadhari. Kumficha mtu kwa namna inayomnyima huduma ni kosa tangu sheria ya 2003, na sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini 2025, lakini aibu haisomi sheria.

Jijaribu kabla ya kulipa karo

Usilipe kozi yoyote kabla hujakaa na watu wenye ulemavu angalau wiki mbili. Nenda kwa mwalimu mkuu wa shule maalumu iliyo karibu nawe, mwombe kujitolea, na ukubali kuanza na kufua. Kisumu kuna Joyland, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, na Kibos, ya wasioona. Ukielekea Siaya utapata St. Oda ya wasioona kule Aluor, na Nyang'oma ya viziwi upande wa Bondo. Maseno pia kuna shule ya viziwi. Aliye Nakuru ana Ngala, nayo ya viziwi. Nenda na kitambulisho na barua ya chifu au ya kanisa lako. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayekuachia watoto bila kujua ulikotoka, na usikasirike ukiulizwa maswali mengi.

Katika wiki hizo mbili jichunguze mambo matatu. Unaweza kumsafisha mtu mzima aliyejiendea haja bila uso wako kubadilika? Uso ndio unaoumiza, watu hawa wamesoma nyuso maisha yao yote. Unaweza kusubiri? Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuchukua nusu dakika kutamka neno moja, na ukimmalizia sentensi umemnyang'anya. La tatu: unaweza kukataliwa? Siku atakayosema hataki kuoga na wewe, basi hataki.

Ukiona huwezi, ondoka mapema na uwashukuru. Si aibu. Nina rafiki aliyekimbia siku ya nne, leo anashona viatu vya watoto wenye miguu iliyopinda, na ni fundi hodari.

Masomo, kulingana na alama ulizonazo

Ukiwa na C ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, pamoja na C katika baiolojia na lugha, fikiria stashahada ya fiziotherapia au tiba ya kazi katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu. Maombi sasa hupitia KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, na masomo huchukua miaka mitatu. KMTC ina vyuo Kisumu na Nakuru, ila si kila chuo kinafundisha kila kozi, kwa hiyo soma orodha vizuri kabla ya kuchagua. Ukishahitimu lazima usajiliwe na baraza la fani yako ndipo uguse mgonjwa.

Anayependa darasa aangalie elimu maalumu. Chuo Kikuu cha Maseno kina idara yake, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa 1986, iko Kasarani, Nairobi.

Ukiwa na D, au hukumaliza shule, bado mlango upo. Kuna kozi fupi za utunzaji wa nyumbani katika vyuo vya ufundi, na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani yenye kituo hapa Kisumu, hutahini watu katika ujuzi wa mikono. Kabla ya kulipa chuo cha kibinafsi uliza maswali mawili tu: nani anatahini, na nitafanyia mazoezi wapi? Wakikuonyesha kitanda kimoja na mwanasesere, endelea na safari. Ongeza kozi ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu au St John. Ni ya siku chache, na ndiyo itakayokufaa siku mtu atakapopaliwa.

Lugha ya ishara ya Kenya jifunze kwa viziwi wenyewe. Si Kiswahili cha mikono. Ina sarufi yake, na Katiba ya 2010 inaitaja miongoni mwa lugha za Bunge. Salamu utazijua kwa wiki. Ukalimani huchukua miaka, na anayeahidi kukufanya mkalimani kwa miezi mitatu anataka pesa zako.

Karatasi

Hapa sitakaa sana. Kitambulisho, PIN ya kodi ya KRA, usajili wa SHA (bima ya afya) na NSSF (akiba ya uzeeni), vyeti vya masomo, na cheti cha mwenendo mwema, ambacho huombwa kupitia eCitizen kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Ongeza chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi tatu, maana utagusa damu na vidonda. Tafuta watu wawili wa kukudhamini ambao si jamaa zako.

Mikono: hapa usiharakishe

Mambo haya ndiyo yatakayokutenganisha na msichana wa kazi aliyepewa mgonjwa kama nyongeza ya kufua. Jifunze kila moja mbele ya mtu anayejua. Kusoma peke yake hakutoshi.

*Kumhamisha mtu.* Mwezi wangu wa pili kwa Mwalimu, tuktuk inapiga honi nje, tumechelewa kliniki, nilimkamata kwapani nikamvuta peke yangu kutoka kitandani. Mgongo wangu ukasema ka! Nililala sakafuni kando ya kitanda chake, yeye yuko juu ananiangalia, akaniuliza kwa upole, "Sasa tutamwita nani?" Tangu siku hiyo nafuata utaratibu, hata nyumba ikiwaka moto.

Mwambie unachotaka kufanya. Sogeza kiti cha magurudumu kando ya kitanda, kikae mshazari kidogo, upande wake wenye nguvu. Funga breki zote mbili, kisha zitikise kuhakikisha. Ondoa vikanyagio vya miguu. Mkalishe ukingoni mwa kitanda, nyayo zikanyage sakafu, na usubiri, maana mtu aliyelala muda mrefu hushikwa na kizunguzungu. Piga hatua karibu naye, kunja magoti, mgongo wako ubaki umenyooka, magoti yako yazuie ya kwake. Hesabuni pamoja mpaka tatu. Nguvu itoke mapajani. Usimvute mtu kwa mikono wala kwapa, hasa aliyepata kiharusi: bega la upande uliolegea hutoka mahali pake kirahisi sana.

Asiyeweza kusimama kabisa hutelezeshwa kwa ubao. Wetu ulitengenezwa na seremala wa Kibuye, mbao nyororo iliyopigwa msasa na vanishi hadi nzi ateleze. Tulimpelekea kipimo kwa kamba ya kiatu. Ubao ule ulifanya kazi kuliko kifaa chochote tulichoahidiwa.

*Ngozi.* Asiyeweza kugeuka kitandani mgeuze kila baada ya saa mbili. Aliye kwenye kiti apunguziwe uzito makalioni kila robo hadi nusu saa, kwa kuinamishwa mbele au upande. Asubuhi na jioni kagua kifandugu (mwisho wa uti wa mgongo), nyonga, visigino, vifundo vya miguu, mabega na kisogo. Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta sehemu iliyozidi kuwa nyeusi, inayong'aa, yenye joto au ugumu kuliko jirani yake. Ukiiona, usiisugue, na mtu asilalie upande huo tena mpaka irudi kawaida.

Kosa langu kubwa lilikuwa ufunguo. Ufunguo mdogo wa kabati ulisahauliwa mfuko wa nyuma wa suruali ya Mwalimu, nami nikamvalisha bila kukagua. Akaketi juu yake tangu saa mbili hadi saa kumi. Yeye hasikii kitu huko. Usiku nikamgeuza nikaona ufunguo umechorwa kwenye ngozi yake, meno na tundu lake, kama muhuri wa posta. Kidonda kile kilichukua wiki saba. Kwa hiyo: mifuko yote ipekuliwe, mishono minene na vifungo vya nyuma viepukwe, shuka linyooshwe lisiwe na mkunjo wala chembe ya mkate. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko chako, kwa sababu asiye na hisia hataruka yakimchoma. Na jiko la makaa liwe mbali na miguu yake.

*Chakula.* Mtu aketi wima, kidevu kikiinama kidogo. Ukimwinua kichwa kinyumenyume unafungua njia ya mapafu. Nawe keti, macho yenu yawe sawa. Ukisimama juu yake atalazimika kutazama juu. Kijiko kidogo, subiri ameze, angalia koo lishuke, ndipo uongeze. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba maji mepesi humpalia mtu mwenye shida ya kumeza kuliko uji mzito. Mtaalamu akuambie uzito unaomfaa. Samaki mtoe miiba kwa vidole, si kwa macho. Akishakula asilazwe kwa nusu saa. Na muulize anataka nini kwanza, ugali au mboga. Nimeona watu wazima wakichanganyiwa kila kitu sahani moja kama chakula cha kuku.

*Nguo.* Aliyepooza upande mmoja huvalishwa kwanza upande uliolegea, na huvuliwa kwanza upande wenye nguvu. Jaribu kinyume chake mara moja tu utaelewa kwa nini.

*Kifafa.* Tazama saa. Ondoa vitu vya kumgonga, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimshikilie, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni. Ikipita dakika tano, au ikimrudia kabla hajazinduka, hospitalini. Majirani watakuja na kitunguu na kiatu cha kumnusisha. Wapokee kwa heshima na uwape kazi ya kutafuta gari.

*Mpira wa mkojo.* Mfuko ukae chini kuliko kibofu wakati wote, hata kwenye matatu, na mpira usikunjike. Kwa aliyeumia uti wa mgongo juu, kifuani au shingoni, kuna hatari ambayo hata baadhi ya wauguzi huikosa: ghafla kichwa kinampasuka, uso unatoka jasho, presha inapanda. Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo, kibofu kimejaa kwa sababu mpira umekunjwa, au choo kimefunga. Mkalishe wima, legeza mkanda na nguo, nyoosha mpira. Isipotulia haraka, mkimbize hospitali, na ukifika waambie kwanza kwamba aliumia uti wa mgongo.

*Njiani.* Asiyeona usimshike mkono ukamburuta. Mpe kiwiko chako akishike, wewe utangulie nusu hatua, na umwambie kilicho mbele: mtaro, ngazi mbili kushuka, mkokoteni wa maji. Fimbo yake nyeupe ni yake. Tuktuk ikisimama, mwekee mkono kwenye chuma cha mlango, ataingia mwenyewe. Kiti cha magurudumu kwenye mteremko mkali hushushwa kinyumenyume, wewe ukiwa chini. Mvua ikinyesha mtaani Nyalenda, udongo mweusi utameza magurudumu ya mbele. Hapo pia geuza kiti, vuta. Makanga akisema kiti kinalipiwa kama abiria, usimgombanishe mtu wako na gari zima kabla hujamuuliza kama anataka ugomvi huo. Wengine wanautaka, na wanaujua kuliko wewe.

Ulimi

Sema mtu mwenye ulemavu, kiziwi, asiyeona. Yale majina ya mtaani unayajua, yaache mtaani. Mzee mwite Mzee, Mwalimu mwite Mwalimu, mama mwite kwa jina la mtoto wake kama wanavyomwita wengine. Mtu wa miaka arobaini si "katoto kangu" hata kama unambadilisha nepi.

Ongea na mwenyewe, si na anayemsukuma kiti. Daktari akikuuliza wewe, "Anaumwa wapi?", geuka umtazame mwenyewe mpaka daktari ajifunze kugeuka. Kwa kiziwi vivyo hivyo: mtazame yeye, si mkalimani; mguse bega kidogo au punga mkono kumwita, usimrushie kitu. Na mlango wa bafu ufungwe, hata nyumbani mkiwa wawili tu.

Kutafuta kazi na kuelewana mshahara

Kazi nzuri hupatikana kwa kutajwa na mtu. Idara za fiziotherapia ndizo zinazojua familia inayorudi nyumbani na mgonjwa na hofu. Kule Russia, kama watu wa Kisumu wanavyoendelea kuiita Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, jitambulishe, acha namba, rudi baada ya mwezi. Makanisa, shule nilizotaja, na tawi la APDK, chama kilichoanzishwa 1958 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo, yote ni mahali pa kuuliza.

Mawakala? Mimi mmoja alinila Sh3,500 za "usajili" katika ofisi ya ghorofani mjini. Nilipewa fomu, peremende, na ahadi ya kupigiwa. Nangoja hadi leo. Wakala wa kazi za nje ya nchi, tafuta kwanza jina lake katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na yeyote anayekuuzia kazi ya utunzaji Uingereza jua kwamba Julai 2025 nchi hiyo ilifunga njia ya kuwaajiri wahudumu wapya kutoka nje.

Kabla ya kukubali nyumba, nenda mara moja uonane na yule utakayemhudumia, si mwajiri tu. Muulize mwenyewe anataka msaada wa nini na hataki kuguswa wapi. Kisha kwa familia: ana uzito gani na nani atanisaidia kumnyanyua? Usiku naamka mara ngapi? Dawa zipi? Nitapika na kufulia watu wangapi? Swali hili la mwisho ulize ukitabasamu, lakini ulize. Wengi wameajiriwa kumhudumia mtu mmoja wakajikuta wanafulia ukoo.

Mshahara: agizo la 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Kisumu kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Hicho ni cha mfanyakazi wa kawaida. Wewe una ujuzi, kwa hiyo hapo ni sakafu, si dari. Uliza kama kimepandishwa tangu hapo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku moja ya kupumzika katika kila saba, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na mkataba wa maandishi kazi ikifika miezi mitatu au zaidi. Familia nyingi hazijui, si kwamba ni wabaya. Mimi huenda na karatasi moja niliyokwisha kuiandika, nakala mbili, na kalamu. Familia isiyoweza kulipa siku sita ilipe tano. Usikubali sita kwa bei ya tano kwa sababu mama analia. Ukichoka utamwangusha mtoto wake.

Usikubali kushika kadi ya benki ya mtu wala PIN yake ya simu bila makubaliano ya maandishi na risiti. Siku pesa zitakapopotea, hata kama zimechukuliwa na mpwa, wa kwanza kuangaliwa ni mgeni.

Wiki ya kwanza, na daftari

Nunua daftari la kurasa 96. Kila siku andika saa aliyoamka, alichokula, mkojo na choo, dawa na saa zake, ngozi ilivyo, na jambo moja alilolifurahia. Daktari atayapenda matano ya kwanza. Familia itasoma la mwisho.

Wiki hiyo usibadilishe kitu chochote nyumbani. Usihamishe kiti wala sufuria. Asiyeona anaijua nyumba yake kwa hatua, na ukisogeza meza shibiri moja umemtegea mtego. Tazama kwanza anafanya nini mwenyewe, na polepole kiasi gani, kisha jizuie kumfanyia. Mwalimu alichukua dakika kumi na mbili kujipaka mafuta usoni kwa viganja visivyokunjika. Mimi ningemaliza kwa moja. Nilikuwa nageuka dirishani nikijifanya nahesabu bodaboda.

Uliza pia kama amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kwanza anapimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha anapata kadi. Mwenye mshahara anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwa Sh150,000 za kwanza kila mwezi. Mwenye ulemavu mkubwa katika familia maskini anaweza kuingizwa Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini nepi hazijinunui.

Ukiona mtoto anapigwa, ananyimwa chakula au anaguswa vibaya, piga 116, bila malipo. Mtu mzima anayedhulumiwa nyumbani au kimapenzi, 1195. Usisubiri mshahara wa mwisho wa mwezi.

Ukiondoka

Siku moja utaondoka, kwa sababu ya ndoa, shule, au mshahara bora. Toa notisi ya mwezi na uombe mhudumu mpya aje mkiwa bado pamoja, angalau siku tatu. Siku ya kwanza afanye kutazama. Ya pili afanye nawe. Ya tatu akae naye, wewe uwe nje barazani, karibu kusikia ukiitwa.

Muachie daftari, na ukurasa wa mbele uwe wa maneno yake mwenyewe unayemhudumia. Mwalimu alinitamkia wake, nami nikaandika bila kurekebisha. Chai ya majani mengi, sukari kijiko kimoja. Kikombe cha bluu, chenye sikio pana la kupitisha kiganja. Mifuko ipekuliwe. Redio saa moja kamili, taarifa ya habari, hakuna kuongea. Jumapili apelekwe ibada ya pili, si ya kwanza, ya kwanza ina ngazi. Halafu akanyamaza kidogo, akaniambia niongeze chini kabisa: huyu mpya aulize anaanzia wapi.